Kiangazi cha Kumshusha Kaka

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimepewa cheo ambacho hakuna aliyekitaka. Tulifanya mkutano wa kufungua msimu palepale uwanjani, watu kumi na mmoja kwenye viti vya kukunja, na lilipofika suala la msimamizi wa usalama kila mtu akaanza kuchunguza viatu vyake. Msimamizi wa zamani amehamia mji mwingine. Ndipo Kaka akasimama, akasema dada yake ni fundi cherehani, amezoea kupima kabla ya kukata, basi kazi apewe yeye. Wakapiga makofi upesi upesi, kila mmoja akishukuru kwamba balaa limempita. Hakuna aliyeniuliza.

Kaka ndiye mwanzilishi wa klabu. Alikuwa mpima ardhi mpaka alipostaafu, na miaka kumi na minne iliyopita ndiye aliyemwomba bibi mwenye shamba atuachie kipande hiki cha nyasi ili turushie ndege zetu za mfano. Mimi pia yeye ndiye aliyenifundisha, watoto wangu walipoondoka nyumbani na mikono ikakosa la kushika mwisho wa juma. Nadhani alinipendekeza akijua mdogo wake hatamsumbua mtu, hasa yeye.

Nimekubali. Nikipewa kazi huwa naifanya.

Jumanne, 10 Juni

Nimeupaka rangi upya ubao wa sheria, uani kwangu. Nimefupisha. Kila ndege ikaguliwe kabla ya kupaa. Betri isiunganishwe wala injini isiwashwe upande wa ndani wa kamba, walipo watu. Ndege isipite juu ya njia ya miguu. Anayevunja ataonywa mbele ya wote na jina lake litaandikwa daftarini. Akirudia, Jumamosi mbili harushi.

Baba watoto ameusoma akiwa na kikombe cha chai mkononi. Amesema naona sasa hata kwenda dukani tutaomba ruhusa ya kupaa.

Jumamosi, 14 Juni

Ukaguzi wa kwanza. Daktari wa meno ana ndege kubwa ya petroli, bawa moja tu ni refu kuliko meza yangu ya kukatia. Aliniambia, kwa upole wa mtu anayetaka kukuondoa njiani, kwamba watu wanakuja hapa kupumzika. Nikamwambia hata yeye hang'oi jino kabla ya kuliangalia. Akaiweka chini. Bawaba ya mkia ilikuwa na ufa. Aliiangalia, akaiangalia tena, akairudisha ndege garini bila kusema asante.

Jumamosi, 21 Juni

Upepo. Hatukurusha.

Jumamosi, 28 Juni

Asubuhi nilimwonya Daktari mbele ya wote kwa kuwasha injini hatua mbili ndani ya kamba. Nikaandika jina lake. Alikunja uso, akaipeleka ndege nje ya kamba.

Saa tano Kaka akairusha ile ndege yake ya manjano. Mzunguko wa kwanza na wa pili ilikuwa kama ilivyo siku zote, safi, mtu anaweza kuitazama siku nzima. Mzunguko wa tatu haikukata kona. Ilikwenda moja kwa moja mpaka juu ya njia ya miguu, huku ikishuka. Njiani alikuwepo mtu wa baiskeli na madumu mawili ya maziwa, mmoja wa wale wanaopeleka kwenye kituo cha kukusanyia. Tulipiga kelele sote. Yule mtu akajitupa kwenye nyasi na baiskeli ikamfuata. Ndege ikapita pale kilipokuwa kichwa chake, ndipo Kaka akaivuta juu.

Kaka alisema ni upepo. Utepe wetu wa kuonyesha upepo ulikuwa umening'inia kama nguo iliyotoka kwenye ndoo.

Alimwendea yule mtu, akamsaidia kuinua baiskeli, akaomba radhi na kutia utani mpaka wote wawili wakacheka. Kaka ana kipaji hicho. Mimi nikamwita pembeni, nyuma ya gari lake, nikamwonya kwa sauti ya chini. Akanipigapiga bega, akasema, "Sawa, mkubwa." Sikuandika kitu.

Wakati wa kufungasha, Daktari alipita karibu yangu. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Kumbe daftari lako lina kurasa za ndugu," akasema, akaendelea na safari yake.

Alhamisi, 3 Julai

Mapazia ya ofisi moja. Mshono uleule nimeufumua mara tatu. Daktari amesema kweli, na linaloniuma zaidi ni kwamba niliijua kweli hiyo kabla hajafungua mdomo.

Jumamosi, 5 Julai

Kabla ya ndege yoyote kupaa nimesimama mbele ya kamba, nikasoma: tarehe 28 Juni, ndege ya manjano, juu ya njia ya miguu, mtu alinusurika. Nikataja jina la Kaka. Nikasema pia kwamba msimamizi aliacha kuliandika jambo hilo kwa juma zima na kosa hilo ni lake.

Kaka akafunga sanduku lake la vifaa, akaondoka. Hakurusha.

Jumatatu, 7 Julai

Wifi amepiga simu kuuliza nimemfanya nini mume wake, maana hali, na akila anamwaga. Akasema mambo ya ndugu huzungumzwa nyumbani. Nikamweleza kuhusu mtu wa maziwa. Halafu akasema labda ni uzee, siku hizi mume wake anaangusha vikombe kama vina miguu.

Jumamosi, 12 Julai

Kaka hakuja.

Jumamosi, 19 Julai

Kaka amekuja. Hakunisalimia. Amerusha kidogo, karibu karibu, hakuikaribia njia. Nilisimama na daftari kwapani nikimtazama yeye badala ya kutazama uwanja mzima. Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba ni kiburi tu: mtu aliyeanzisha klabu hataki kuambiwa na mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika rimoti.

Jumamosi, 26 Julai

Mkono ninaoandikia hauna hata mkwaruzo. Aliyeumia ni mwingine.

Nilikuwa mezani, ndani ya kamba, naitayarisha ndege yangu nyeupe ya umeme. Macho yalikuwa kwa Kaka. Nikaunganisha betri. Palepale mezani, ndani ya kamba, propela ikiwa tayari imefungwa kwenye mota, na kijiti cha mwendo kwenye rimoti kikiwa juu. Makosa mawili kwa pumzi moja, na moja kati yake nimeliandika ubaoni kwa mkono wangu.

Ndege iliruka kutoka mezani kama paka aliyemwagiwa maji. Mwokaji wa mikate, mwanachama mwenzetu, alikuwa ameinama upande wa pili akiokota bisibisi. Huyu ni mtu ambaye kwa mwaka mzima sijui kama nimemsikia akisema maneno mia. Aliinua mkono kujikinga. Propela ikamkata kiganja na vidole viwili.

Daktari ndiye aliyefika wa kwanza. Alimfunga kwa taulo, akamwinulia mkono juu, akatuendesha hadi hospitali. Nyuzi saba. Muuguzi alipokuwa anashona, Mwokaji alisema sentensi moja tu: "Nani atakanda unga wa kesho?" Nilikuwa natazama aproni yake, ile ya kazini anayokuja nayo mpaka uwanjani, jinsi damu ilivyokuwa inaelekea mfukoni.

Saa kumi tukarudi uwanjani. Walikuwa bado wapo, wamekaa tu, hakuna aliyekuwa amerusha. Nikafungua daftari, nikaandika nimesimama, halafu nikawasomea. Jina langu. Nilichofanya. Kanuni niliyovunja. Nyuzi ngapi. Nikasema sheria yangu inampa mwenye kosa la kwanza onyo, lakini onyo halitoshi pale damu inapomwagika. Sitarusha tena mpaka Mwokaji akande unga kwa mikono yake miwili. Na kama wanataka msimamizi mwingine, daftari hili hapa.

Nilikuwa nikimngojea Daktari aseme ndiyo. Akasema, "Abaki nalo. Kuanzia leo hakuna atakayekuwa mkali kuliko yeye."

Hakuna aliyepinga. Kaka alikuwa anatazama chini.

Jumatatu, 28 Julai

Saa saba mchana nimefunga cherehani, nikaenda kwenye tanuri la Mwokaji, nikamwambia nimekuja kukanda. Alinitazama, akanitupia aproni. Baada ya nusu saa akasema, "Unaubembeleza. Usiubembeleze."

Jumatano, 30 Julai

Mabega yanauma mpaka kuchana nywele ni kazi. Nimekanda.

Jumamosi, 2 Agosti

Vumbi na upepo. Wawili tu wamerusha. Nimekagua zote mbili.

Jumanne, 5 Agosti

Leo Mwokaji ameongea. Tulikuwa tunapanga mikate kwenye trei, yeye kwa mkono mmoja, na akaanza bila utangulizi.

"Kaka yako haoni."

Niliendelea kupanga mikate. Akasema siku ile ya tarehe 19, ndege ya manjano ilipotua kwenye nyasi ndefu, Kaka alikwenda kuifuata akaipita. Ilikuwa pembeni yake, karibu kuikanyaga. Akaenda mbele, akarudi, akaipita tena. Mwokaji akajifanya yuko njiani kwenda kwingine, akaiokota, akampa. Tena, akasema, Kaka husalimia aliyesimama mbele yake tu. Anayemjia kwa ubavuni hamjibu, na watu wanadhani ananuna.

Nilimwuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema halikuwa jambo lake la kusema. Halafu akatazama kitambaa mkononi mwake, akasema lakini ameona kinachotokea mtu asipokuwa makini.

Vile vikombe. Ule upepo ambao haukuwepo. Na mimi juma hadi juma nilikuwa nimekazana kuona kiburi tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemchunguza siku nzima, na safari hii nilijua ninachotafuta. Amejikwaa kwenye kamba ambayo ameifunga mwenyewe kwa miaka kumi na minne. Alicheka, akasema nani ameisogeza. Haikusogezwa. Nikamwomba asirushe leo, nikasingizia kwamba antena ya rimoti yake ina kasoro. Alikubali upesi mno.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda kwake wakati Wifi yuko sokoni. Alikuwa barazani anapiga msasa bawa, kwa kugusa zaidi kuliko kwa kutazama.

Nilimwuliza moja kwa moja. Alianza kukasirika, kisha hasira ikamtoka kama pumzi. Ni presha ya macho. Ana miaka miwili nayo. Dawa ya matone anaificha kwenye sanduku la vifaa, siku nyingine anaweka, siku nyingine anasahau. Kilichopotea hakirudi, daktari wa macho alimwambia, ila dawa inaweza kulinda kilichobaki.

"Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba," akasema. "Ndege ikiwa ndani ya bomba, naiona hata skrubu yake. Ikitoka, imetoka."

Nikamwuliza siku ile ya maziwa ilikuwaje. Akasema ilimtoka kwenye kona, akawa anaitafuta angani, na sauti zetu ndizo zilizomwonyesha ilipo. Mtu yule alipona kwa kelele zetu. Hajalala vizuri tangu siku hiyo.

Nilimtaka amwambie Wifi na awaambie wanachama. Akaomba nimwachie aseme mwenyewe, kwa wakati wake. Ameahidi hatarusha tena, na kwenye siku ya maonyesho, tarehe 30, ambapo kila mwaka yeye ndiye hufungua, atampisha mwingine. Nimekubali. Ni kaka yangu, na hajawahi kunivunjia ahadi.

Jumamosi, 16 Agosti

Upepo. Kaka hakuja, ana mafua.

Jumamosi, 23 Agosti

Mwokaji ameshatolewa nyuzi. Kidole cha mwisho hakijikunji chote. Amesema unga haujali. Kaka bado ana mafua.

Jumamosi, 30 Agosti

Watu walikuwa kama themanini: wake, waume, wajukuu, majirani, na bibi mwenye shamba kwenye kiti cha mbele kabisa, fimbo yake magotini. Nilisogeza kamba nyuma hatua kumi zaidi na kumweka mtu kila mwisho wa njia ya miguu. Ndege zote nilizikagua tangu saa moja. Nilikuwa nimetulia.

Saa nne kasorobo Kaka akashuka garini na Wifi. Shati jeupe limepigwa pasi, na mkononi ndege ya manjano.

Mtangazaji alimwona, akalitaja jina lake, na watu wakashangilia. Akapita mbele ya viti akipunga mkono, akaenda mpaka kwenye njia ya kurukia, akapiga goti, akaiweka ndege. Nilimfuata. Sikukimbia, nisije nikawatisha watu. Nikasimama mbele ya ndege.

"Kaka, hii hairuki leo."

"Mara moja tu. Mzunguko mmoja wa kuaga. Halafu nitawaambia."

Nikamwambia aliahidi. Akasema anajua. Akasema nyasi hizi alizikata yeye mwenyewe kwa fyekeo kabla yetu sote, na hawezi kuondoka kupitia mlango wa nyuma. Hakuwa na ukali. Kama angekuwa mkali ingekuwa rahisi kwangu.

Akaniuliza, "Nani alikufundisha kushika rimoti?"

"Wewe."

"Basi niamini."

Nyuma yetu watu walianza kunong'ona. Angani zilikuwa tayari ndege mbili za kupasha moto: ile kubwa ya Daktari, nyekundu, ilikuwa mbele yetu, na ndogo ya Mwokaji upande wa kushoto, chini kidogo, ikija kuelekea juu ya uwanja.

"Kaka, angalia juu," nikamwambia kwa sauti ambayo yeye peke yake angeisikia. "Ziko ngapi?"

Aliinua uso. Alitazama vizuri, kwa makini ya mtu wa kazi.

"Moja. Ya Daktari."

"Ziko mbili, Kaka."

Akaendelea kutazama. Akageuza kichwa taratibu kulia, halafu kushoto, mpaka ile ndogo ikaingia kwenye bomba lake. Niliona ilivyoingia. Uso wake ulibadilika mara moja tu, halafu ukatulia. Ilikuwa imeshatupita. Wakati wote alipokuwa akiitafuta, ilikuwa inapita mbele ya viti vya watu themanini.

Akachomoa betri ya ndege yake mwenyewe, akainuka kwa kushika goti. Nilitaka kumshika mkono, akakataa. Alikwenda kwa mtangazaji, akachukua kipaza sauti, akawaambia watu kwamba macho yake yana ugonjwa, kwamba mwezi wa sita nusura amuumize mtu na akasingizia upepo, na kwamba leo alitaka kufanya ujinga mwingine lakini msimamizi amemzuia. Akasema Daktari atafungua maonyesho. Basi. Alirudisha kipaza sauti kama anayerudisha kalamu ya kuazima.

Wifi alikuwa amesimama karibu na viti, kikapu mkononi. Alisikia pamoja na watu wote. Alimwendea, akamtazama kwa muda, akasema, "Kumbe vile vikombe." Akakishusha kikapu chini, akapitisha mkono wake kwenye mkono wa mume wake, na wakakaa pamoja kwenye mstari wa pili.

Maonyesho yaliisha saa nane. Hakuna hata skrubu iliyoanguka. Bibi mwenye shamba alinipa mkono wakati wa kuondoka na kuniambia uwanja ni wetu mwaka ujao. Nilimshukuru, nikaenda nyuma ya gari la Daktari, nikalia kidogo.

Jumamosi, 6 Septemba

Daktari ameleta waya wa mafunzo. Unaunganisha rimoti mbili: mmoja anarusha, na mwenzake akibonyeza kitufe anaichukua ndege palepale. Amesema ameuleta kwa ajili ya Kaka. Huyu ndiye mtu niliyedhani anangoja tuanguke. Kaka hakuja.

Jumamosi, 13 Septemba

Kaka hakuja.

Jumanne, 16 Septemba

Nimepita kwao. Wifi sasa ndiye anayemtia matone, asubuhi na jioni, na amebandika ratiba kwenye kabati la vyombo. Nilimweleza Kaka kuhusu ule waya. Akasema yeye si mtoto wa kushikiwa baiskeli. Nilipokuwa naondoka akaniuliza kama nyasi zimekatwa.

Jumamosi, 20 Septemba

Kaka amekuja, kwa miguu, na Wifi. Amekaa ndani ya kamba. Nilileta pendekezo langu: mwenye tatizo la macho arushe kwa waya, akiwa na mwenzake, au asirushe. Wote wakainua mikono. Ndipo Kaka akaomba kuongeza neno: kila mwanachama apimwe macho kabla ya kila msimu, kuanzia mwenyekiti mpaka mgeni wa jana, ili asiwepo mtu wa kujificha kama yeye. Tumelipitisha hilo pia. Daktari amenung'unika kwamba sasa ni zamu yake kuchunguzwa na daktari mwenzake, watu wakacheka.

Jumamosi, 27 Septemba

Mawingu ya kwanza. Mwokaji amenikuta kwenye meza ya ukaguzi, akasema jana amekanda gunia zima kwa mikono miwili. Kisha akanisubiri nielewe. Kwa hiyo nimeachiliwa. Sikurusha leo. Nilitaka kwanza niitazame betri kwa muda mrefu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mvua imekaribia, huenda hii ndiyo Jumamosi ya mwisho. Kaka amekuja na ndege ya manjano. Ameiweka tu kwenye meza ya ukaguzi, kwenye foleni, nyuma ya Mwokaji. Nimeikagua kama nyingine zote na nikaikuta na skrubu moja iliyolegea. Ameikaza.

Tukatoka nje ya kamba, tukaunganisha rimoti. Yake ya kurushia, yangu ya kuchukulia. Akapaa. Dakika tatu za kwanza alinikumbusha kwa nini watu wanane kati yetu walijiunga: ndege iliandika angani mwandiko wake uleule. Kona ya mbali ikaja. Nikaona kichwa chake kinaanza kutafuta, na kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

"Nimeipoteza," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma ya kamba. "Chukua."

Nikachukua. Nikaizungusha taratibu, nikairudisha mbele yake.

"Iko juu ya mti wa pili. Inakuja."

"Naiona. Nipe."

Nikampa. Aliipoteza mara tano, na mara tano alisema, na kila mara alisema mapema kuliko mara iliyotangulia. Ya tano sikuwa hata nimeanza kuwa na wasiwasi. Matone ya mvua yalianza kudondoka kwenye mikono yetu. Nikamwambia tushushe.

Akasema betri bado ina dakika mbili.

Nikamwambia moja ni ya kutua.

"Basi nipe hiyo nyingine," akasema.